Somo: Kuchuja kwanza, bei baadaye, kwa anayefuga sungura wa mbegu adimu

Wengi wetu huanzia kwenye bei. Mtu ananunua dume na majike wawili wa mbegu adimu, majike wanazaa, na wiki ya nane haijafika tangazo lishatoka kwamba wote wanauzwa. Nami nilianza hivyo hivyo. Katika uzao wa tatu nilimuuza jike mmoja kwa sababu mteja alikuja na pesa mkononi na chakula cha sungura kilikuwa kimenipungukia. Miezi minne baadaye akanitumia picha: mgongo wa duara, kiuno kimejaa, manyoya yamesimama sawasawa. Hakuna mwingine wa namna ile aliyewahi kutoka bandani mwangu, na yule alikuwa ameshageuzwa mnyama wa kuchezewa na watoto. Tangu siku hiyo nachuja, yaani namtoa kwenye uzazi asiyefaa, nabakiza wangu, ndipo nauza.

Hatua ya 1: Alama na daftari

Kila sungura awe na namba isiyofutika. Marekani huchanjwa wino kwenye sikio la kushoto. Uingereza huvalishwa pete mguu wa nyuma. Vyovyote utakavyofanya, andika baba, mama, tarehe, waliozaliwa, waliokufa na uzito wa wiki ya 8. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi, kwa sababu ukishafika uzao wa kumi watakuchanganya tu.

Hatua ya 2: Ukaguzi wa wiki ya 8

Kabla ya hapo usichague. Mtoto mnene wa wiki tatu huenda ni yule aliyepata chuchu nzuri, basi.

Mlaze chali mapajani, funua midomo kwa kidole gumba. Meno ya juu ya mbele yanatakiwa yapite kidogo mbele ya yale ya chini, na nyuma yake utaona vijino viwili vidogo. Meno ya sungura huota maisha yote. Yasipokutana hayasagiki, yatarefuka mpaka mnyama ashindwe kula. Yakikutana ncha kwa ncha, au ya chini yakitangulia, huyo hazalishwi. Ila tazama na nduguze: sungura anayeng'ata waya za kizimba anaweza kuyapindisha mwenyewe. Wawili wa uzao mmoja wakiwa hivyo, usilaumu waya. Kasoro hiyo hurithiwa, na kwa kawaida hujificha kwa wazazi bila kuonekana, kwa hiyo mshuku baba na mama pia, si mtoto peke yake.

Kisha geuza miguu ya mbele uangalie upande wa ndani. Manyoya yakiwa yamegandamana, anajipangusa makamasi, na mafua ya sungura hayaendi kwa mnunuzi hata kwa bei ya kutupa. Angalia kucha, mkia na nyayo za nyuma. Kende huteremka kwa kawaida wiki ya 10 hadi 12, kwa hiyo dume usimhukumu kwa hilo sasa.

Hatua ya 3: Subiri manyoya

Hapa ndipo haraka huua mbegu. Silver Fox, mbegu mojawapo ya sungura, huzaliwa mweusi mtupu (wapo wa bluu pia), na nywele za fedha humtoka polepole kwa miezi. Akishakua, mpapase kutoka mkiani kuelekea kichwani: manyoya yake yasimame wima, yabaki hivyo mpaka uyarudishe kwa mkono. Yakijirudi yenyewe kama ya sungura wa kawaida, mpunguzie daraja. Huwezi kuyajua hayo kwa mtoto wa wiki nane.

Hatua ya 4: Hesabu madume

Kwenye sungura wa nyama unachuja bila huruma. Kwenye mbegu adimu ukichuja hivyo unaimaliza kwa mikono yako. Ili kujua kundi lako kinasaba ni sawa na sungura wangapi, zidisha madume kwa majike, zidisha kwa 4, gawanya kwa jumla yao. Dume 1 na majike 9 inatoa 3.6. Madume 3 na majike 7 inatoa 8.4. Sungura ni 10 vile vile, lakini kundi la kwanza kinasaba ni kama sungura wasiofika wanne.

Kwa hiyo dume wa ukoo mwingine mwenye dosari ndogo ya rangi, umbo zuri na afya njema, mimi namweka. Nisichofanya ni kumpandisha kwa jike mwenye dosari ile ile.

Hatua ya 5: Bei

Jumlisha gharama zote za mwaka, pamoja na dume anayekula bila kazi na watoto waliokufa. Tuseme ni 3,000 kwa sarafu yako. Umebakiza wako, wametoka 30: kati yao 20 wa nyama kwa 50 kila mmoja, yaani 1,000. Zile 2,000 zilizobaki wanazibeba 10 wa mbegu, yaani wanaouzwa ili wazalishwe, 200 kila mmoja, na hapo bado hujapata faida. Jirani asiyechuja sana akiuza 15 kama mbegu na 15 wa nyama kwa 750, wa mbegu wa kwake wanarudisha gharama kwa 150. Urahisi wake umetoka kwa wale watano ambao wewe uliwapeleka jikoni.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, ni lazima kuchinja? Moyo unakataa.*
Si lazima. Kuchuja ni kumtoa kwenye uzazi. Muuze kama wa kufugwa tu, bila cheti cha nasaba, na ikiwezekana awe amehasiwa. Tatizo ni watoto wa sungura kuwa wengi kuliko nyumba za kuwapokea, na asiyehasiwa mara nyingi huishia kuzalishwa.

*Jike wangu wa kwanza amewaua watoto wote. Nimtoe?*
Uzao wa kwanza huharibika mara nyingi. Mpe wa pili, na siku ya 28 ya mimba awe na sanduku la kuzalia lenye nyasi kavu. Ukiharibika mpaka wa tatu, mtoe.

*Naweza kumpandisha baba kwa binti yake?*
Mara moja, ukijua unatafuta nini. Watoto watakuwa na kiwango cha udugu cha asilimia 25, sawa na wa kaka na dada. Nusu ndugu ni 12.5. Ukiona uzao unapungua idadi, simama.

*Mteja anataka punguzo akichukua watatu.*
Mimi simpi punguzo, nampa dume asiye ndugu wa majike wake. Mwenye nia ya kuzalisha hulifurahia hilo kuliko pesa.

*Mkuu, sipati dume mwingine wa mbegu yangu popote. Nichanganye na mbegu nyingine?*
Ikibidi, chagua inayofanana kwa umbo na uzito, kisha rudisha kwenye mbegu yako kila kizazi. Damu ya nje itakuwa nusu, robo, moja ya nane, na kizazi cha nne asilimia 6.25. Andika yote daftarini, na wale wa vizazi vya mwanzo usiwauze kwa jina la mbegu hiyo, hata kama mnunuzi mwenyewe anasema haoni tofauti.