SOMO: Kuchagua shotigani au bastola kwa sisi tunaoishi Marekani

Wakuu, kila wiki kuna ndugu ananipigia: "Kaka, ninunue bunduki gani?" Nimejibu hadi sauti imekauka. Naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia hili.

Niko Texas, mwaka wa nane sasa napiga kwa shotigani visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, mchezo ambao wenyewe wanauita trapu. Sheria za jimbo lako zitafute mwenyewe. Illinois, kwa mfano, huruhusiwi kumiliki hata risasi bila kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha jimbo cha mwenye silaha.

1. Hadhi yako. Raia au mwenye green card ananunua. Mwenye viza ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida hapana. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya serikali kuu ya kununua silaha. Usidanganye hata neno moja.

2. Umri. Dukani, shotigani ni miaka 18, bastola 21.

3. Sefu hununuliwa kabla ya bunduki. Kama bei ya sefu imekushinda, basi na bunduki bado. Hapa Texas, mtoto wa chini ya miaka 17 akiifikia silaha yako yenye risasi kwa uzembe wako, unashtakiwa wewe.

4. Amua kazi yake. Kwa visahani, shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye mtutu wa inchi 28 au 30, maana urefu huo unakusaidia kufuata kisahani kwa utulivu. Ndani ya nyumba mtutu huo utagonga kila mlango. Huko inafaa inchi 18.5. Usikate mtutu kwa msumeno. Chini ya inchi 18 bila usajili ni kosa la serikali kuu. Mwenye pesa ya bunduki moja aangalie Mossberg 500 inayouzwa na mitutu miwili ya kubadilishana.

Bastola ni nyepesi kufungia na ngumu kulengea. Mkono ukitetemeka kidogo tu, risasi imeshakwenda kando. Kama huna nafasi ya mazoezi kila mwezi, achana nayo. Kama unayo, chukua ya milimita 9, lakini kwanza kodisha tatu au nne uwanjani uone ipi inakaa mkononi.

5. JICHO. Hapa ndipo nilipoumia. Nilinunua shotigani ya mitutu miwili kwa akiba ya miezi saba. Msimu mzima nikawa napiga visahani 7, siku njema 8, kati ya 25. Nikabadilisha risasi, nikabadilisha choki (kibanio cha mdomo wa mtutu kinachokusanya marisau), nikaamini macho yamezeeka. Siku moja mzee wa pale uwanjani akanisimamisha, akanipima kwa nusu dakika: mimi ni wa mkono wa kulia, lakini jicho langu kuu, lile linaloongoza kulenga, ni la kushoto. Bunduki ilikuwa inaelekea kwingine, jicho likitazama kwingine. Na kitako kilikuwa kimepindishwa kidogo kwa ajili ya bega la kulia, hivyo nilipohamia kushoto kikawa kinanipiga shavu. Niliiuza kwa hasara, na hasara ile naikumbuka hadi leo.

Jipime hivi. Nyosha mikono mbele, kutanisha viganja ubakishe tundu dogo, macho yote wazi, tazama swichi ya taa ukutani kupitia tundu hilo. Sasa funga jicho la kushoto. Swichi ikibaki, jicho kuu ni la kulia. Ikipotea, ni la kushoto. Rudia mara tatu, na umpime kila atakayeitumia bunduki hiyo. Jicho na mkono vikipingana, jifunze kupiga kwa bega la upande wa jicho, au bandika kipande kidogo cha utepe hafifu kwenye kioo cha miwani, upande wa jicho kuu. ONYO: asikuambie mtu umwelekezee bunduki usoni ili aone unalenga kwa jicho lipi. Hata kama ni tupu. Hata kama ni mwalimu.

6. Bega. Inyanyue bunduki ukiwa umefumba macho, kisha fumbua. Ukiona juu ya mtutu bila kuchezesha shingo, inakufaa.

7. Risasi za geji 20 zina ganda la njano, na kuna sababu. Ikiingia kwenye bunduki ya geji 12 inateleza na kukwama ndani ya mtutu. Ukiweka ya geji 12 nyuma yake ukapiga, mtutu unapasuka karibu na vidole vyako. Usichanganye geji kwenye mfuko mmoja.

MASWALI

Kijana_Ohio: Mkuu, nina viza ya masomo. Shemeji ana green card, aninunulie kwa jina lake?

Jibu: Namba 1 hukuisoma. Kwa sheria ya 2022, kununua kwa niaba ya mtu asiyeruhusiwa kunafika miaka 15 jela. Shemeji anafungwa, wewe unafungwa kisha unafukuzwa nchini. Hapana.

Mwana_Ilala: Maneno mengi. Taja bunduki tu.

Jibu: Mossberg 500, nimeshaitaja. Remington 870 pia, ipo tangu 1950. Lakini hayo maneno mengi ndiyo yaliyonigharimu akiba ya miezi saba. Pima jicho.

Mama Nuru: Kaka, nasikia shotigani haihitaji kulenga kwa kuwa marisau yanatawanyika. Korido yetu ni mita sita, na watoto wanalala nyuma ya ukuta.

Jibu: Asante dada, swali hili ni la maana sana. Kwa mita sita marisau bado yamekusanyika, kwa kawaida upana wake ni kama kiganja hivi. Ukikosa, umekosa yote. Na kuta za nyumba za huku ni bodi za jasi, marisau makubwa na risasi ya bastola vyote vinapita. Kwa hiyo kabla ya bunduki, tembea nyumba yako usiku, ujue kila upande kuna kitanda cha nani. Panga watoto wakimbilie chumba kimoja, mfunge mlango, mpige 911. Tena usidanganyike na duka kukuuzia shotigani nyepesi "ya akina mama". Nyepesi ndiyo inayopiga teke zaidi. Nzito kidogo ya nusu-otomatiki, inayojipakia kwa gesi ya risasi iliyopigwa, ni laini begani.

Mnyamwezi: Babu yangu Tabora alikuwa na gobore, marisau anamimina kwa mdomo wa mtutu. Hii "geji 12" maana yake nini?

Jibu: Hesabu yake ni ya zama za babu yako, mkuu. Chukua pauni moja ya madini ya risasi, igawe golori 12 sawasawa. Golori moja ndiyo upana wa mtutu, kama milimita 18.5. Ukigawa 20 golori zinakuwa ndogo, ndiyo maana geji 20 ni nyembamba kuliko 12.

Mama Nuru: Na vumbi la madini hayo je? Nina mtoto anayenyonya.

Jibu: Osha mikono na uso kwa sabuni na maji ya baridi kabla hujaondoka uwanjani, badilisha nguo na viatu kabla ya kumbeba, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Kwenye uwanja wa ndani ya jengo vumbi linakuwa jingi zaidi. Kwa kipindi hiki anachonyonya, ningekushauri uache kwanza.

Dada_Houston: Niongeze moja. Ukipiga bastola vaa shati lililofungwa hadi shingoni. Ganda la moto liliniingia kifuani, nikageuka na bastola mkononi, msimamizi akanidaka mkono.

Jibu: Kweli kabisa dada. Ganda likiingia, acha liunguze. Kwanza mtutu ubaki umeelekea shabaha, kidole kitoke kwenye kifyatulio, bastola iwekwe mezani, ndipo ulitoe.