Kabla ya kushusha gari, tazama shokapu

Ukitaka gari lako la kasi lishike kona, usikimbilie springi fupi za kulishusha karibu na lami. Springi hizo huwa ngumu, na kwenye shokapu za kawaida hujirudi kwa nguvu ambazo shokapu haziwezi kuzizuia. Gari linadundadunda na tairi linaachia lami katikati ya kona. Nunua springi na shokapu zilizopangwa pamoja. Koilova (springi na shokapu zilizounganishwa kuwa kifaa kimoja) za bei chee? Heri bushi mpya, yaani mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari, na matairi mazuri, tofauti utaisikia kwenye usukani. Tena, boliti za bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likining'inia kwenye jeki (mafundi wengi hupuuza hili), la sivyo mpira hukaa umejisokota na kupasuka mapema. Halafu pima alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, upya.