Iache kompaila ikuonyeshe mstari uliokosea

Programu inayokatika papo hapo hainipi shida sana. Ninayoiogopa ni ile inayoendelea kama kawaida na kutoa jumla yenye sura nzuri, kumbe njiani imesoma kumbukumbu isiyo yake. Kwenye C hilo hutokea kirahisi mno, kwa kuwa lugha yenyewe haikagui mipaka ya safu, yaani orodha ya thamani zilizopangwa mfululizo kwenye kumbukumbu. Tazama hapa:

```
int *alama = malloc(10 * sizeof(int));
/* alama zote kumi zinajazwa hapa */
for (int i = 0; i <= 10; i++)
    jumla += alama[i];
```

Nafasi zilizopo ni kumi, kuanzia 0 hadi 9, lakini lupu, ile `for` inayojirudia, inafika mpaka 10. Ukikompaili, yaani ukigeuza msimbo kuwa programu, kwa kompaila ya `gcc` ukiandika `gcc jumla.c -o jumla` tu, hutaambiwa kitu. Programu itachukua chochote kilichokaa baada ya safu, itakijumlisha, na wewe utapata jibu. Sasa kompaili hivi:

```
gcc -g -O1 -fno-omit-frame-pointer -fsanitize=address,undefined jumla.c -o jumla_jaribio
```

Amri hiyo inafanya kazi vilevile ukiweka kompaila nyingine, `clang`, mahali pa `gcc`. `-g` huhifadhi majina ya faili na namba za mistari. Ukiisahau, ripoti haitakutajia mstari uliokosea. `-O1` huipunguzia programu uzito wa ukaguzi, na `-fno-omit-frame-pointer` huifanya orodha ya fankisheni zilizoitana itoke kamili. Kazi yenyewe iko kwenye `-fsanitize`, inayotia sanitaiza, yaani ukaguzi unaofanyika programu ikiwa inaendeshwa. Sanitaiza ya anwani (`address`) huzungushia kila kipande cha kumbukumbu maeneo yaliyokatazwa, na kwa kila baiti 8 za programu hutenga baiti 1 ya kuandika kama zinaruhusiwa kuguswa. Kila kusoma na kila kuandika hupitia ukaguzi huo. Tarajia programu kwenda polepole, kwa kawaida mara 2 hivi.

Ukiiendesha, itasimama palepale inapokosea. Nimefupisha ripoti:

```
ERROR: AddressSanitizer: heap-buffer-overflow
READ of size 4
    #0 in main jumla.c:12
0 bytes after 40-byte region
allocated by thread T0 here:
    #1 in main jumla.c:7
```

Hapa ndipo nawaomba watu watulie na kusoma mpaka chini. Mstari wa kwanza unataja aina ya kosa. Wa pili unasema programu ilikuwa inasoma baiti 4, yaani `int` moja. Kisha unapata mahali, mstari wa 12 wa faili. Halafu kuna zile baiti 40: ni nafasi kumi za baiti 4, nawe umegusa baiti ya kwanza kabisa baada yake. Ukiona 0 hapo, mara nyingi umezidisha hatua moja kwenye lupu, na `<=` iliyopaswa kuwa `<` ndiyo mshukiwa wa kwanza. Mwisho unaonyeshwa kumbukumbu ilitengwa wapi.

Kosa likiwa `heap-use-after-free`, sehemu zinakuwa tatu: ilipotumika, ilipoachiliwa kwa `free`, na ilipotengwa. Anayeishia sehemu ya kwanza hutia kiraka pale data inapotumika, wakati mara nyingi ugonjwa uko sehemu ya pili, kwenye fankisheni iliyoiachilia mapema. Soma zote tatu kabla ya kugusa msimbo.

Nusu ya pili ya `-fsanitize`, yaani `undefined`, hukamata mambo ya namna nyingine: kugawanya namba kamili kwa sifuri, kusogeza biti kupita upana wa aina yake, na `int` kupita 2147483647. Hili la mwisho ni hatari kuliko linavyoonekana. Wengi huandika `if (x + 1 < x)` wakidhani wamejikinga, lakini kiwango cha C hakiruhusu `int` kufurika, kwa hiyo kompaila ina haki ya kuchukulia kwamba sharti hilo haliwezi kuwa kweli na kulifuta lote. Kinga inaondoka bila wewe kujua.

Ila sanitaiza hii, isipoambiwa vingine, huchapisha onyo kisha programu ikaendelea. Kwenye majaribio yanayojiendesha yenyewe onyo hilo litazama ndani ya maandishi mengine, na jaribio litahesabiwa limefaulu. Ongeza `-fno-sanitize-recover=all` ili programu isimame na irudishe alama ya kushindwa. Kwangu hilo ni la lazima.

Kama unakompaili na kuunganisha kwa hatua mbili, weka `-fsanitize` hatua zote mbili. Ukiiacha kwenye kuunganisha utapata lundo la malalamiko kuhusu majina yanayoanza na `__asan_`.

Ukaguzi huu huona njia zilizopitwa tu. Lupu isiyoendeshwa haikaguliwi, hivyo ilishe programu faili tupu, faili la mstari mmoja, na lililojaa mpaka ukomo. Pia sanitaiza ya anwani haioni vigeu vilivyosomwa kabla ya kupewa thamani. Kwa hivyo kuna `-fsanitize=memory`, ambayo iko kwenye Clang na haiwezi kuchanganywa na ya anwani; nayo inataka hata maktaba unazotumia zikompailiwe vivyo hivyo, la sivyo itakulalamikia mahali pasipo na kosa. Maktaba zikikushinda, endesha programu ya kawaida chini ya Valgrind, zana inayokagua kumbukumbu bila kukompaili upya.

Wanaoandika kwa lugha ya Fortran wana njia fupi: `gfortran -g -fcheck=all -fbacktrace -ffpe-trap=invalid,zero,overflow`. Hiyo hutaja hadi jina la safu na namba iliyovuka mpaka, na husimamisha hesabu pale inapozalisha NaN (jibu lisilo namba) badala ya kuiacha isambae hadi kwenye jedwali la mwisho.

Toleo la jaribio usilikabidhi kwa watumiaji. Sanitaiza hazikutengenezwa kwa ulinzi dhidi ya wavamizi. Toleo la kutolewa lijengwe upya bila hizo, kwa `-O2 -D_FORTIFY_SOURCE=2 -fstack-protector-strong`. Ukaguzi wake ni mwepesi na mchache, lakini staki, kumbukumbu ya fankisheni zinazoendelea, ikiharibiwa programu itakatizwa kabla fankisheni haijarudi.