Kumzoesha Mbwa wa Nyumbani kwa Mtoto Mchanga

Familia inayosubiri mtoto huandaa kanga, beseni la kuogeshea, chandarua, na mara nyingi humwomba bibi au shangazi aje kumsaidia mama siku za mwanzo. Mbwa anayelala kibarazani hukumbukwa siku mama anaporudi kutoka hospitali, na kwa kawaida hukumbukwa kwa kufungwa mnyororo. Ndivyo tulivyofanya sisi kwa mtoto wetu wa kwanza. Mbwa wetu, ambaye kwa miaka mitatu alikuwa amezoea kuzunguka ua mzima na kulala mlangoni, alifungwa nyuma ya nyumba siku ileile mtoto alipoingia. Akalia usiku kucha kwa wiki nzima, na mnyororo ulipokatika alikimbilia moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha mama na kuanza kulirukia. Hakumdhuru mtu. Hata hivyo nilitambua kwamba sisi wenyewe ndio tuliomfundisha kuwa sauti ya mtoto na adhabu ni vitu vinavyokuja pamoja. Kwa mtoto wa pili tulianza miezi minne kabla ya uzazi, na maelekezo haya yanafuata njia hiyo ya pili.

Jambo la kwanza ni afya ya mbwa. Karibu maambukizi yote ya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na kuumwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza kwa mgonjwa, ni nadra sana apone. Mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi 3, kisha hurudiwa kila mwaka. Usisubiri kampeni za chanjo zinazofanyika karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, ikiwa mtoto atazaliwa mwezi Mei. Mwite daktari wa mifugo mapema, na cheti cha chanjo ukitunze pamoja na kadi ya kliniki. Siku hiyohiyo mbwa apewe dawa ya minyoo na atibiwe kupe na viroboto. Mayai ya minyoo ya mviringo ya mbwa hutoka na kinyesi, lakini huhitaji wiki kadhaa udongoni kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Ndiyo maana kuzoa kinyesi uani kila siku na kukifukia mbali ni kinga kubwa kuliko wengi wanavyodhani, hasa kwa mtoto ambaye baada ya miezi michache atakuwa akitambaa na kutia mchanga mdomoni.

Baada ya afya, badilisha utaratibu wa nyumba wakati mama bado ni mjamzito, ili mbwa asiunganishe mabadiliko hayo na mtoto. Kama hataruhusiwa kuingia sebuleni, azuiwe kuanzia sasa, kila siku, tena na kila mtu, maana kizuizi ambacho baba anakisimamia na watoto wakubwa wanakivunja humchanganya mnyama. Kama kibanda kitahamishwa, kihamishwe sasa, kiwekwe penye kivuli na maji, mahali ambapo bado anawaona watu wake wakipita. Banda lenye wavu ni bora kuliko mnyororo, kwa sababu mbwa anayefungwa mchana kutwa hukosa namna ya kukwepa kinachomtisha, na mara nyingi huwa mkali. Kama mama ndiye anayemlisha, kazi hiyo ihamie kwa mtu mwingine taratibu. Mfundisheni pia maneno machache yasiyobadilika, kama vile «kaa», «rudi» na «nenda kwako», na mmtuze kwa kipande cha chakula kila anapotii.

Sauti nayo inazoeshwa. Rekodi kilio cha mtoto mchanga kwenye simu, ukipige kwa sauti ya chini sana mbwa anapokula, na ukiongeze kidogo kidogo siku zinavyokwenda. Akiinua masikio kisha akarudi kwenye chakula, endelea. Akiacha kula na kuanza kuzunguka, umekwenda haraka mno, rudi nyuma. Sisi tulikuwa pia tukifunga kanga kama mzigo wa mtoto na kupita nayo uani jioni. Majirani walishangaa, lakini mbwa alikuja kuacha kabisa kuirukia.

Mama akishajifungua, mtu anayerudi nyumbani kuchukua chakula aje na kanga au kofia aliyovikwa mtoto. Asimsukumie mbwa puani. Aishike kwa utulivu, amwache anuse mwenyewe kwa umbali anaoutaka, amsifu kwa sauti ya chini, kisha aiweke mbali. Hapa nigusie jambo ambalo haliandikwi sana: pale ambapo familia hurudi na kondo la nyuma ili kulizika, shimo liwe refu na lifunikwe kwa mawe mazito, kwa kuwa mbwa atavutwa na harufu ya damu. Nepi zilizotumika nazo ziwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko.

Siku ya kurudi nyumbani mama aingie bila mtoto mikononi, kwa sababu mbwa amemkosa na atataka kumrukia. Amsalimie kwa utulivu hadi furaha ipungue, kisha mtoto aingizwe na mtu mwingine. Sioni haja ya kuwakutanisha siku hiyo. Mama amechoka, geti linafunguliwa kila dakika, na wageni wa kumwona mtoto ni watu ambao mbwa amefundishwa kuwabwekea. Akae bandani kwake akiwa na maji na mfupa, hadi wageni waishe.

Mkutano wa kwanza ufanyike nyumba ikiwa tulivu, mbwa akiwa ametembezwa na kula. Mtu mmoja anayetiiwa na mbwa amshike kwa kamba isiyokazwa, kwani kamba ikivutwa mbwa huhisi hofu ya anayemshika. Mwingine ampakate mtoto akiwa amekaa kwenye kiti, si chini. Waanze wakiwa wametengana kama mita 3. Mbwa akitulia, asogezwe hatua chache, anuse miguu ya mtoto juu ya nguo, kisha aitwe na kutuzwa kabla hajachoka. Dakika mbili au tatu zinatosha, na zirudiwe kila siku. Asimlambe mtoto usoni wala mikononi. Katika nyumba za Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambako mate ya mbwa ni najisi, tahadhari hii tayari ipo, na kitabibu ni tahadhari nzuri kwa kila nyumba. Kwa wanaofuata desturi ya arobaini, siku hizo ambazo mama na mtoto hukaa ndani ni fursa ya kufanya haya bila haraka.

Kinachohitaji umakini kuliko vyote ni kusoma mwili wa mbwa. Watu wengi huamini kwamba mkia unaotikisika ni dalili ya furaha, lakini mkia ulioinuliwa juu na kutikisika kwa ugumu huku mwili umekakamaa ni onyo. Mbwa mwenye wasiwasi hulamba midomo bila kuwepo chakula, hupiga miayo bila usingizi, hugeuza kichwa, huonyesha weupe wa jicho pembeni, au huganda ghafla. Ukiona hivyo, muondoe kwa upole, usimlazimishe azoee. Na akinguruma, nakusihi usimpige. Mngurumo ni namna yake ya kusema kwamba ameelemewa. Mbwa anayepigwa kila anaponguruma hujifunza kunyamaza, na siku ya kuuma atauma bila kutoa onyo lolote.

Kanuni moja haina msamaha: mtoto na mbwa wasiachwe pamoja bila mtu mzima aliye macho, aliye karibu kiasi cha kuweza kumfikia mtoto kwa mkono. Mtu anayepika jikoni huku mtoto amelala mkekani kibarazani hayupo karibu. Aliyesinzia kwenye kochi hayupo karibu. Mtoto wa miaka minane hawezi kukabidhiwa kazi hii, hata kama mbwa anampenda. Pasipo na mtu wa namna hiyo, pawepo mlango uliofungwa au wavu kati yao. Dada wa kazi aelezwe haya waziwazi siku ya kwanza, pamoja na sababu zake. Mbwa mpole wa miaka mingi haondolewi katika kanuni hii, kwani mbwa mzee mwenye maumivu ya viungo anaweza kumuuma mtoto anayemwangukia, kwa maumivu tu.

Mtoto anapoanza kutambaa, mazoezi huanza upya, kwa sababu kile kilichokuwa kimelala sasa kinamfuata mbwa, kinashika mkia na kudondosha uji njiani. Chakula cha mbwa kitolewe mahali asipofika mtoto, na bakuli liondolewe akimaliza. Mbwa awe na mahali pa kukimbilia ambapo hakuna anayemfuata. Ndugu wakubwa wafundishwe kutomgusa anapokula, anapolala au anapokuwa na watoto wake.

Ikitokea mtoto ameumwa au amekwaruzwa, hata kidogo, osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, na mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Usipake mafuta, pilipili wala dawa ya kienyeji, na usikae nyumbani ukingoja kuona kama mbwa ataugua. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe mahali salama na daktari wa mifugo amwangalie kwa siku 10, wakati mtoto anaendelea kupata chanjo kama atakavyoelekezwa.

Wapo mbwa wachache ambao hawazoei. Mbwa anayemkodolea macho mtoto bila kupepesa, anayenyemelea kila anapolia, au anayenguruma hata akiwa mbali, hafai kuendelea kuishi naye, na daktari wa mifugo aulizwe bila kuchelewa. Inaumiza kumtoa mbwa uliyemlea tangu akiwa mdogo, lakini mtafutie nyumba ya watu wazima watupu, na anayempokea mweleze yote uliyoyaona.