Mwani umejaa kwenye tangi la samaki? Anza na taa

Kama kioo kinageuka kijani kila baada ya siku chache usikimbilie dukani kununua dawa, angalia kwanza taa inawaka masaa mangapi. Masaa 6 mpaka 8 kwa siku yanatosha kabisa, na tangi litoe dirishani jua lisilipige. Af chakula, hapo ndo wengi wanaharibu, wape samaki kile watakachomaliza ndani ya dakika 2 hivi maana kinachobaki kinaozea chini kinageuka mbolea ya huohuo mwani. Kila wiki toa kama robo ya maji huku unafyonza uchafu wa kwenye changarawe kwa mpira, rudishia maji yaliyotolewa klorini. Sponji ya filta isuuze kwenye maji uliyotoa tangini, sio ya bomba, utaua bakteria wazuri. Kioo kikwangue na kadi ya benki iliyoekspaya. Pleko, yule samaki anayekula mwani? Dukani anakuwa kadogo kanapendeza ila wa kawaida anapita sentimita 30, tangi dogo achana nae, chukua konokono. Maji yenyewe yakiwa kijani zima taa, funika tangi na blanketi siku 3, pampu ya hewa iache inafanya kazi, kisha badilisha maji.