Hisa za gawio Kanada: anza na akaunti, kampuni baadaye

Kama uko Kanada na unataka hisa zinazolipa gawio, fungua TFSA kwanza, yaani akaunti ya akiba na uwekezaji isiyokatwa kodi. Ipo tangu 2009, gawio la kampuni za Kanada likiingia humo halikatwi kodi na ukitoa hela hukatwi pia. Ila cheki limiti yako CRA (mamlaka ya kodi ya Kanada) kabla hujaweka, maana ukizidisha wanakula asilimia 1 kila mwezi ya kile kilichozidi, na hela uliyotoa mwaka huu nafasi yake inarudi Januari mwakani sio kesho yake, hapa ndo watu wengi wanaumia kabisa.

Hisa za Marekani zipeleke RRSP, akaunti ya akiba ya kustaafu. Ndani ya TFSA Marekani inakata asilimia 15 ya gawio juu kwa juu na hurudishiwi, RRSP wameisamehe.

Kwenye kuchagua, usivutwe na asilimia kubwa ya gawio (gawio ukilinganisha na bei ya hisa), mara nyingi imepanda kwa sababu bei ya hisa imeporomoka. BCE, kampuni ya simu na intaneti ya Kanada, ilikuwa inalipa dola 3.99 kwa hisa kwa mwaka, Mei 2025 wakaishusha mpaka 1.75, na kuna wastaafu walikuwa wanaitegemea hiyo hela kwa matumizi ya nyumbani, inauma sana. Kwa hiyo soma ripoti, angalia hela taslimu inayobaki baada ya matumizi yote ya kampuni kama inatosha kulipa gawio, isipotosha achana nayo.

Na kama una deni la kadi linalokula karibu asilimia 20, jamani lipa hilo kwanza.