Somo: Ikimbie Zinaa Mapema

Bwana asifiwe, wapendwa. Wengi tunafunga na kukemea, kisha saa nne usiku tuko chumbani kwa mchumba. Paulo aliagiza: "Ikimbieni zinaa" (1 Wakorintho 6:18). Basi tupange mbio.

1. Anza na mahali. Kampala vijana wengi tunakaa kwenye muzigo, chumba kimoja cha kupanga. Mgeni akija hakuna kiti, anakaa kitandani. Mara mvua, bodaboda hazipatikani, pazia limeshushwa. Hapo hata mzee wa kanisa atateleza. Kutaneni kwenye kibanda cha rolex, chapati ya mayai, watu wakipita. Mithali 5:8 inakataza hata kuukaribia mlango.

2. Simu ilale mbali na kitanda. Bando la usiku usinunue.

3. Mwambie mtu. Balokole, yaani waliookoka, wa uamsho wa miaka ya 1930 walitubu waziwazi mbele ya wenzao. Waliita kutembea nuruni. Mimi kutangazia kanisa zima sishauri, maana umbea bado haujaokoka. Tafuta mmoja wa jinsia yako, mwenye kifua, na umpigie tamaa ikianza, usingoje uanguke.

4. Ondoka, hata kwa hasara. Yusufu aliacha vazi mikononi mwa mke wa Potifa, na bado akafungwa (Mwanzo 39). Karoli Lwanga aliwakinga vijana wa ikulu dhidi ya matakwa ya kimwili ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Akachomwa moto Namugongo, 3 Juni 1886. Usitegemee kupongezwa.

MASWALI

Ndugu, Kasese: Mtumishi, kwanjula, yaani kutambulishwa kwa wazazi wa binti, bado. Tukiomba pamoja usiku chumbani kwake, ni vibaya?
Jibu: Ombeni mchana, nje. Maombi ya saa sita usiku mnaweza kufanya kila mtu kwao.

Dada, Gulu: Mimi nilishaanguka. Nianze hatua ya ngapi?
Jibu: Tubu, 1 Yohana 1:9 ni yako pia. Kisha nenda ya tatu, leo hii.

Dada, Arua: Bosi ananishikashika, anasema nikikataa kazi basi. Nikimbie vipi na nina watoto?
Jibu: Dada yangu, hilo si jaribu lako, ni dhambi yake. Usifunge kwa ajili ya kosa la mtu mwingine. Tunza meseji zake zote, andika tarehe, mwambie mama mmoja unayemwamini. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakataza jambo hilo, na malalamiko yanapokelewa na ofisa wa kazi wa wilaya. Usiende peke yako. Nenda na huyo mama.